Makro Niliyoiita HODI

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msije mkadhani anayewaandikia ni shujaa. Kila jioni kabla ya kuingia ndani hapa kwangu Mkuza nakagua komeo la geti, nakagua mtungi wa gesi, kisha narudi kulikagua geti tena kwa sababu huenda mara ya kwanza nilikuwa nawaza mtungi. Mke wangu amechoka kunicheka. Lakini uoga huo ndio ulionifaa kazini miaka yote. Nilikuwa naandika programu kwa lugha ya C, zile za chini kabisa zinazozungumza na mfumo endeshi, yaani programu mama inayotawala kompyuta nzima, bila mtu wa kati, na kazi ile haimfai mtu asiyeogopa.

Tangu Jumapili iliyopita lakini, uoga wangu umebadilika. Zamani niliogopa jambo linaloweza kutokea. Sasa naogopa jambo ambalo huenda linatokea hivi sasa, wakati naandika sentensi hii, kwenye wodi ya watoto wachanga. Nimegundua kwamba kosa nililolifanya nikiwa kijana, ambalo nilijua nimelimaliza, lipo hai. Nasubiri simu ya binti anayeitwa Rehema, na wakati nikisubiri nimeona heri niwaandikie nyie vijana mnaoanza kazi hii, kuliko kukaa nikihesabu matofali ya ukuta.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la mabati na misumari, Kibaha, jirani kabisa na barabara ya Morogoro. Lori kubwa likipita, vikombe vya chai vilicheza mezani. Tulitengeneza visanduku vya kupima na kuongoza mashine za watu: pampu za kumwagilia bustani bonde la Ruvu, mashine za kutotolesha vifaranga, na baadaye majokofu ya chanjo. Ndani ya kila kisanduku mlikuwa na kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu zetu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shomari, mwenyeji wa Mlandizi, ambaye kabla ya kompyuta alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Mzee yule hakusoma programu kwenye kioo. Alikuwa anazichapa kwenye karatasi, anavaa miwani, anashika kalamu nyekundu, anasoma kama mwalimu anayesahihisha insha. Ukiona ameinua kalamu, moyo unakupasuka.

Wiki yangu ya kwanza aliniuliza, "Lusekelo, hili faili ni la nani?"

"La programu yangu, mzee."

"Lako wewe! Nyumba hii umejenga wewe? Mwenye nyumba ni mfumo endeshi. Wewe mgeni. Unabisha hodi, unaomba unachotaka, unapewa. Na anaweza kukunyima vilevile, mwanangu."

Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo mpaka leo. Programu yako haina chochote. Ukitaka kufungua faili, unaomba. Ukitaka kusoma kipimajoto, unaomba. Ukitaka kutuma ujumbe, unaomba. Na kila ukiomba unarudishiwa jibu, na wengi wenu hamlisikilizi. Mnaomba, mnaendelea na safari kama mliopewa. Nimeona vijana wenye vyeti vizuri wakisoma faili ambalo halikufunguliwa kamwe, halafu wanalaumu umeme.

Yapo majibu ya aina tatu. La kwanza, "chukua." La pili, "hakuna." La tatu ndilo lililotutesa: "nimekatizwa." Maana yake mwenye nyumba alikuwa anakuja kukusikiliza, akaitwa mlango wa uani kwa jambo la haraka. Hajakukatalia. Inakubidi uombe tena.

Sasa fikirini: kila mahali tunapoomba, tuandike mistari minane ya kuuliza, kusikiliza jibu, kuuliza tena. Na tulikuwa tunaomba mahali mamia. Vidole vilichoka, na mtu akichoka anaruka mstari. Nikatengeneza makro. Kwa msioijua C, makro ni neno unaloipa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, unaiambia popote ukiliona neno hili, libandue, bandika mistari hii badala yake. Neno langu nililiita HODI. Ukitaka kusoma kipimajoto, unaandika HODI, unafungua mabano, unaweka ombi lako ndani, basi. Mistari minane imeingia yenyewe.

Toleo la kwanza lilikuwa la aibu, na nawasimulia ili mcheke kidogo kabla hatujafika mbele. Ndani ya makro nililiandika ombi mara mbili: mara ya kwanza kuangalia kama jibu ni baya, mara ya pili kulichukua jibu lenyewe. Niliona ni jibu moja. Kompaila haioni hivyo. Makro ni kubandika tu, na ukibandika ombi mara mbili, linaombwa mara mbili. Tukalifunga toleo hilo kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga ya mama mmoja wa Mlandizi. Ile mashine kila baada ya saa chache inatakiwa kulaza trei ya mayai upande wa pili. Yangu ilikuwa inalaza upande wa pili, halafu hapohapo inarudisha.

Yule mama alipanda ngazi zetu akiwa ameshika yai.

"Fundi wangu ni nani hapa?"

Wote wakaninyooshea kidole. Hata mfagiaji.

"Baba, mayai yangu yamelala ubavu mmoja kama mgonjwa. Yamekaa siku ishirini na moja, kifaranga kimegandia kwenye ganda. Hebu niambie, wewe unalala ubavu mmoja siku ishirini na moja?"

Mzee Shomari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilirekebisha makro siku ileile: jibu linachukuliwa mara moja, linawekwa pembeni, ndipo linaangaliwa. Hilo liandikeni ukutani. Kinachoingia kwenye makro kitumike mara moja tu.

Toleo la pili Mzee Shomari alilichapa, akakaa nalo siku nzima. Nilikuwa nimeandika kwamba jibu likiwa "nimekatizwa," programu iombe tena, na tena, bila kikomo. Kalamu nyekundu ikapanda.

"Huyu mgeni gani anabisha hodi mpaka kiama?"

"Si hajajibiwa, mzee?"

"Kwetu hodi ni mara tatu. Umebisha mara tatu kimya, unageuka unaondoka, wala hununi. Pengine mwenye nyumba anaoga, pengine ana msiba. Tumefundishwa hivyo tangu wadogo. Hata huko kwenu Rungwe naamini mna adabu."

Nikaweka mara tatu. Na kweli, ilikuwa nzuri. Visanduku vyetu viliacha kukwama. Ombi likishindikana mara tatu, programu inaandika kosa, inaendelea na mengine. Mzee Shomari akaweka alama ya vema kubwa nyekundu pembeni ya ukurasa, na mimi juu ya makro nikaandika maelezo mafupi: "Usiguse. Imekaguliwa na S." Nilijivunia mstari ule kuliko cheti changu cha ndoa, Mungu anisamehe. Nikaanza kuitumia HODI kila mahali. Kufungua, HODI. Kusoma, HODI. Kuandika, HODI. Kufunga, HODI. Marafiki walioomba maktaba yangu, yaani mkusanyo wa makro na programu zangu, niliwanakilishia kwenye flashi nikigawa kama pipi za sikukuu.

Sasa niwapeleke Kisarawe.

Tulifunga visanduku kwenye majokofu ya chanjo ya zahanati kadhaa za vijijini. Waya wa kipimajoto unaingia ndani ya jokofu, kisanduku kinakaa ukutani na namba yake nyekundu. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi mbili na nane. Ikitoka hapo, king'ora kinalia na ujumbe unatufikia ofisini. Kabla yetu, nesi alikuwa anafungua jokofu asubuhi na jioni, anasoma kipimajoto, anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Zahanati moja ilikuwa upande wa Mzenga, na nesi wake aliitwa Sista Tausi. Mwanamke wa maneno machache, mwenye mwandiko mzuri. Siku namfungia kisanduku alikuwa anaandika namba ya asubuhi kwenye karatasi yake.

Nikamwambia, "Sista, sasa pumzika. Mashine inaandika yenyewe kila dakika tano."

"Niache kabisa, kaka?"

"Acha kabisa."

Kauli hiyo niliisema mimi, kwa mdomo wangu, nikitabasamu. Akaibandua ile karatasi mlangoni, akaikunja vizuri.

Jambo jingine mnalotakiwa kulijua ni kwamba nilikuwa nawaonea huruma manesi. King'ora kikilia bure, wanahangaika. Kwa hiyo niliandika kwamba kipimajoto kikishindwa kusomwa, kisanduku kiendelee kuonyesha namba ya mwisho iliyosomwa vizuri, mpaka usomaji urudi. Niliona ni upole.

Nilirudi Mzenga baada ya miezi kadhaa kubadilisha betri. Ilikuwa asubuhi, mama wawili wamekaa kwenye benchi na watoto wao. Sista Tausi alinipokea vizuri.

"Kaka, mashine yako nzuri jamani. Huko nyuma ilikuwa inalialia, lakini wiki tatu hizi imetulia kabisa, haijasema kitu."

Nikatazama ukutani. Nyuzi tano nukta sifuri. Nikafungua mkoba, nikatoa betri, nikatazama tena. Tano nukta sifuri. Jokofu linalofanya kazi halikai hivyo. Ukifungua mlango tu, namba hupanda, mashine ikiamka, hushuka, haitulii. Nikamwomba Sista afungue mlango wa jokofu. Akafungua. Ubaridi ukatupiga usoni. Tano nukta sifuri.

Nikaingiza mkono. Vichupa vilivyokuwa karibu na ukuta wa nyuma vilikuwa barafu tupu.

Kidhibiti cha jokofu kilikuwa kimegoma na kulifanya ligandishe. Na kisanduku changu kilikuwa kinaonyesha namba iliyokufa wiki tatu zilizopita.

Watu wengi wanajua chanjo huharibika kwa joto. Sista Tausi ndiye aliyenieleza kwamba baadhi yake baridi huiua zaidi, na ikishakufa haibadiliki rangi wala harufu. Ipo njia moja ya kuijua. Alichukua kichupa kilichokuwa barafu, akakiacha kikayeyuka. Akachukua kingine kutoka kikapu cha katikati, ambacho hakikuwa na barafu wakati ule, kimoja kati ya vile alivyokuwa akivitumia. Akavitikisa vyote viwili pamoja kwa nguvu, akaviweka mezani karibu na dirisha kwenye mwanga.

"Sasa tunasubiri," akasema. "Kile kilichoganda, unga wake utashuka chini upesi na maji yatabaki safi juu. Hiki kingine kikibaki na ukungu, ni kizima."

"Muda gani?"

"Nusu saa haifiki."

Sijawahi kukaa nusu saa ndefu kama ile. Akina mama walikuwa wanaongea nje, mmoja anamwimbia mwanawe. Nilikodolea macho kile kichupa cha pili. Nilikiomba. Kweli, nilikiomba kama mtu. Kile cha barafu kilianza kushuka mapema, unga ukajikusanya chini, juu maji yakaanza kung'aa. Cha pili kilikaa na ukungu kidogo, nikavuta pumzi. Kisha nikaona mstari mwembamba wa maji safi juu, karibu na kizibo. Ukaongezeka. Vilipokuwa vimefanana kabisa, Sista Tausi alivichukua vyote, akavitia kwenye ndoo, akaketi akafungua daftari la chanjo.

"Ilianza lini?" akaniuliza.

"Sijui. Wiki tatu, au zaidi kidogo. Kisanduku kimeandika tano tupu. Ungekuwa na ile karatasi ya mlangoni tungejua."

Akanitazama tu.

Akahesabu kwa kidole, akirudi nyuma mpaka siku aliyokumbuka king'ora kililia mara ya mwisho. Watoto kumi na tisa. Kumi na tisa walichomwa sindano iliyokuwa maji tu, wakaondoka na kadi zimejazwa, mama zao wakijua wamelindwa.

Alitoka kwenda kuwaambia wale wawili wa benchi kwamba leo hakuna chanjo na kwa nini. Mmoja alikuwa na mtoto aliyechomwa juma lililopita, alimleta kwa kikohozi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama Sista, akanitazama mimi na bisibisi yangu.

"Kwa hiyo mwanangu mlimtia uchungu wa bure."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Kosa ni la mashine yangu."

"Mashine haina mtu?"

Nikairudisha bisibisi mkobani.

Wilaya ilileta chanjo mpya baada ya siku mbili na ikasema wote warudiwe. Niliomba ruhusa ofisini, nikabaki Mzenga kuzunguka na Sista Tausi nyumba kwa nyumba kuwaita. Tulipita mashamba ya mihogo na minanasi, tunabisha hodi, tunaeleza, wengine wanatukaribisha maji, mzee mmoja alitufukuza. Tukapata kumi na wanane. Wa kumi na tisa aliandikwa Mwajuma, miezi miwili na nusu. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho, mbali kidogo, mlango umerudishwa.

Nikabisha. "Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kuku alitoka nyuma ya nyumba akatupita.

"Hodi!"

Tulisimama kidogo. Sista akasema pengine wako shamba, tutarudi. Tukageuka tukaondoka, kama adabu inavyotaka. Tuliporudi kesho yake jirani alituambia walikuwemo ndani jana, wanafunga mizigo, na wameondoka alfajiri na lori la mkaa kuhamia upande wa Mlandizi. Hakujua kwa nani. Nilimtafuta Mwajuma Mlandizi kwa miezi, sokoni, stendi, kwenye kliniki. Sikumpata. Akiwa hai sasa ni mtu mzima, na nikiona binti wa umri ule barabarani naangalia uso wake, sijui natafuta nini.

Nilirudi Kibaha na kisanduku cha Mzenga kwenye mkoba, nikakaa nacho siku nne mpaka nikaliona kosa. Nitalieleza kwa urahisi. Ukifungua kitu, mfumo endeshi hukupa namba, tuseme namba ya mlango. Ukifunga, namba inarudi kwa mwenye nyumba, na yeyote atakayefungua kitu baada yako anapewa namba hiyohiyo. Ndani ya programu yangu walikuwemo wafanyakazi wawili kwa wakati mmoja, mmoja anasoma kipimajoto, mwingine anatuma ujumbe. Yule wa ujumbe akimaliza, anafunga mlango namba sita. Wakati mwingine, mara chache sana, anajibiwa "nimekatizwa." HODI yangu ikaona hajafunga, ikafunga sita tena. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. Kilichokatizwa ni jibu tu. Na katika kile kitambo kidogo, mfanyakazi wa kipimajoto alikuwa amefungua mlango wake na amepewa namba sita. Kwa hiyo mara ya pili tukamfungia yeye. Akawa hawezi kusoma, na upole wangu ukaendelea kuonyesha nyuzi tano.

Nilimpelekea Mzee Shomari karatasi. Alisoma, akavua miwani.

"Mtu anayetoka habishi hodi, Lusekelo," akasema taratibu. "Anaaga mara moja, anakwenda. Akirudi kuuvuta mlango tena, atamfungia aliyeingia nyuma yake."

"Nilikosea, mzee."

"Niliisoma mimi. Alama ni yangu." Akaichukua ile kalamu nyekundu akaiweka ndani ya mtoto wa meza, na tangu siku hiyo alisahihisha kwa penseli.

Nikatengeneza makro ya pili, KWAHERI, ya kufungia. Inaomba mara moja tu, jibu lolote litakalokuja, inaondoka. Nikaufuta ule upole wa namba ya mwisho; kipimajoto kisiposomeka, king'ora kilie, nesi ahangaike. Tukabadilisha visanduku vyote, kila zahanati, na kila nesi tulimwomba airudishe karatasi yake mlangoni.

Wakabaki wale niliowagawia maktaba. Walikuwa watatu. Wawili waliandika kunijibu, wakashukuru, wakabadilisha. Wa tatu alikuwa kijana mmoja hodari aliyekwenda kufungua kampuni yake Dar. Nilimwandikia. Kimya. Nikamwandikia tena. Kimya. Nikamwandikia mara ya tatu, nikaacha. Sikuona kama nimefanya kosa. Nilijua nimemaliza wajibu wangu.

Kampuni yetu ilikuja kufungwa, Mzee Shomari akafariki, mimi nikastaafu, nikapanda migomba na kuanza kukagua geti.

Jumapili iliyopita mchana Rehema, binti wa jirani yetu, alipita kuniletea nakala ya ufunguo wao. Anafanya kazi Dar, anakwenda na kurudi kila siku, na anajua nilikuwa wa kompyuta.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kazi?"

"Kazi ipo bana, tumebanwa. Babu, eti ni wewe uliyeandika HODI? Bosi aliniambia juzi kwamba aliipata kwa mzee mmoja wa Kibaha, nikasema huyo ni babu yangu! Ile kitu inapiga kazi mpaka leo, tumeiweka kwenye mashine mpya zote."

"Mashine za nini?"

"Za wodi za watoto njiti. Zinaangalia hewa ya oksijeni, ikipungua zinapiga kelele."

Kikombe kilinitoka. Hakikuvunjika, kilimwagika tu. Nikamwambia aende akalete kompyuta yake. Alidhani natania, lakini aliponiona usoni alikimbia. Akafungua kwenye meza ya baraza, nikavaa miwani. Ilikuwepo. Juu yake maneno yangu: "Usiguse. Imekaguliwa na S."

"Tafuta KWAHERI," nikamwambia.

Akaandika, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"KWAHERI haipo, babu."

Nikamweleza yote niliyowaeleza nyie, kwa maneno machache zaidi na kwa sauti mbaya zaidi. Hakubisha. Alipofika kwenye mistari ya kufunga alishika mdomo. Akachukua simu, akampigia bosi wake. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tatu akaisikiliza mpaka ikakata yenyewe.

"Leo Jumapili babu, atakuwa kwenye shughuli. Nimepiga mara tatu. Kesho asubuhi nikifika tu, cha kwanza ni hicho."

"Piga tena."

"Ataona namsumbua."

"Msumbue, mwanangu. Piga."

Alipiga ya nne, ya tano, ya sita. Ya saba ilipokelewa, kuna muziki nyuma. Rehema akaeleza haraka, kisha akaweka spika na kunisogezea simu.

"Mzee Lusekelo!" akasema yule wa tatu, niliyemjua akiwa kijana. "Zile barua zako nilizipata zote. Wakati ule nilikuwa nahama ofisi, nikaziweka nizisome vizuri. Halafu ulinyamaza, nikajua tatizo limekwisha."

Sikumlaumu. Hata Sista Tausi alikiona kisanduku kimenyamaza, akasema kimetulia.

Tangu Jumatatu wanabadilisha, hospitali kwa hospitali, na Rehema ananipigia kila moja inapokamilika. Mpaka sasa hawajaona mtoto aliyedhurika, na wamewaambia manesi wote wasiiamini namba mpaka wamalize. Imebaki wodi moja. Aliondoka asubuhi kuiendea. Saa saba alisema amekaribia, na sasa yapata saa kumi. Nimempigia mara tatu hapokei. Mke wangu anasema nimwache mtoto wa watu afanye kazi, mara tatu zinatosha, ataona namba yangu.

Namba ninayo mbele yangu. Nabonyeza tena.